The Macomber Affair (1947): filamu nzuri namna hii, mbona haionekani?

#1 Mkale wa Ilala
Habari za jioni wadau. Kuna filamu ya Hollywood ambayo kila nikiitaja watu wananitazama kama nimeitunga mwenyewe. Inaitwa The Macomber Affair, ya mwaka 1947, nyeusi na nyeupe, dakika 89. Mwongozaji ni Zoltan Korda. Wanaobeba mzigo ni watatu: Gregory Peck ndiye mwindaji Robert Wilson, Robert Preston ni Francis Macomber, tajiri wa Kimarekani aliyekuja kuwinda, na Joan Bennett ni mkewe Margaret. Imetokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, na kisa kinatokea Kenya ya mkoloni.

Ndege inatua Nairobi ikiwa na maiti ya Macomber. Tunarudishwa nyuma kuona ilikuwaje. Porini, Macomber amemjeruhi simba, simba amejificha kwenye nyasi ndefu, na inapobidi kumfuata humo ndani mume anatimua mbio huku mkewe anamwona na wabeba bunduki wanamwona. Kuanzia hapo hakuna tena ndoa. Kuna meza ya kambini, watu watatu, na kila mmoja anajua mwenzake anachojua.

Nasema bila kupepesa: hakuna filamu iliyomfikisha Hemingway kwenye skrini vizuri kama hii, na sijaona mwigizaji wa miaka ile aliyeonyesha woga kama Preston. Hapigi kelele. Anacheka pasipostahili, anarudia swali lilelile, anaomba msamaha kwa mtu ambaye hajamkosea.

Swali langu: kwa nini haionekani? The Snows of Kilimanjaro ya 1952, Hemingway huyohuyo na Peck huyohuyo, imejaa kila kona. Hii unaitafuta mpaka unakata tamaa.

#2 Zungu la Unga
Nimekaa mstari wa mbele. Endeleeni.

#3 Mmeru Halisi
Mkuu, si ile ya John Wayne anayefukuza vifaru kwa gari? Ile tunaijua, ilipigwa kwetu.

#4 Mkale wa Ilala
Hapana, hiyo ni Hatari! ya Howard Hawks, ilitoka 1962, ina rangi, na kweli waliipiga kwenu Momella, huko Arusha. Mule wanyama wanakamatwa wakiwa hai wapelekwe kwenye bustani za wanyama. Kwenye hii wanauawa, na hatimaye anauawa mtu.

#5 Mmeru Halisi
Basi bado nasema yetu ina ladha zaidi. Mwigizaji mmoja wa ile, Hardy Krüger, alipapenda hadi akanunua shamba palepale Momella. Hao wenu walirudi na nani?

#6 Binti Chumbageni
Asante kwa uzi, Mkale. Mimi niliiona zamani kwenye televisheni nikisoma ughaibuni, usiku wa manane, na sijakutana nayo tena. Nadhani tatizo ni nani aliyeitengeneza. Haikuwa mali ya studio kubwa kama MGM au Paramount. Watayarishaji walikuwa Benedict Bogeaus na Casey Robinson, watu wa kujitegemea, na United Artists kazi yake ilikuwa kusambaza tu. Studio kubwa ilikuwa na ghala, mafundi na wanasheria wake. Mtayarishaji wa kujitegemea akifunga ofisi, filamu inabaki yatima. Filamu ya yatima haina wa kuisafishia picha wala wa kuitolea diski.

#7 Wakili wa Mtaani
Binti #6, nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hadithi yenyewe. Filamu iliyotokana na kitabu ina haki mbili, ya filamu na ya hadithi. Kwa sheria ya zamani ya Marekani hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha ilibidi ihuishwe. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Stewart dhidi ya Abend, iliyohusu Rear Window ya Hitchcock. Cornell Woolrich, aliyeandika hadithi yake, alikufa kabla ya kuhuisha, na aliyeipata haki iliyohuishwa akashinda: mwenye filamu hawezi kuendelea kuiuza bila kumlipa mwenye hadithi. Tangu hapo kampuni zinaogopa filamu za zamani ambazo mikataba yake ya hadithi haijakaa sawa. Ukichanganya na jina zito kama Hemingway, kila mtu anaona bora iendelee kulala kabatini. Hiyo ndiyo nadharia yangu, sijaona mkataba wao.

#8 Mtoto wa Reli
Wakili, filamu ngapi zimefungiwa hivyo? Au ni maneno ya mahakamani tu?

#9 Wakili wa Mtaani
Chukua Letty Lynton ya 1932, ya Joan Crawford. Waandishi wa tamthilia iitwayo Dishonored Lady waliishtaki MGM kwa wizi wa kazi yao. Mahakama ya rufaa iliwapa ushindi 1936, na 1940 suala la kugawana faida likafika Mahakama ya Juu, wakapewa asilimia 20. Filamu ikaondolewa kwenye mzunguko kwa miongo mingi. Gauni lake la mikono ya marinda lilikuwa gumzo la mitindo Marekani nzima, lakini watu wakabaki kulijua kwa picha za mnato tu.

#10 Fundi Projekta
Mnaenda mbali sana na sheria. Jibu liko kwenye mkanda. Enzi hizo filamu zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto kama petroli na kinachooza chenyewe kikiwekwa kwenye joto. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 50 ndipo walipohama kwenda mkanda salama. Nusu ya filamu za Marekani za kabla ya 1950 zimepotea kwa sababu hiyo. Nimebeba mikebe ya filamu kwa baiskeli kati ya sinema mbili za Dar, nakala moja inaonyeshwa kote kwa kupishana muda, najua mkanda unavyochoka.

#11 Binti Chumbageni
Shikamoo Mzee Fundi. Hiyo nusu inarudiwa sana lakini inachanganya vitu viwili. Hasara kubwa ni ya filamu zisizo na sauti. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti 2013 kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu zisizo na sauti zimepotea kabisa. Za sauti zilisalimika kwa wingi zaidi. Na hii ya kwetu haijapotea, mimi na Mkale tumeiona.

#12 Fundi Projekta
Marahaba binti. Kusalimika ni jambo moja, kusalimika vizuri ni jingine. Umeiona katika hali gani? Picha ilikuwa kali au ukungu mtupu?

#13 Binti Chumbageni
Ukungu, Mzee. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa maji.

#14 Fundi Projekta
Ndiyo maana yangu. Mpigapicha wake ni Karl Struss, mmoja wa wawili waliopata Oscar ya kwanza kabisa ya upigaji picha kwa Sunrise ya 1927. Mtu wa namna hiyo anachora kwa kivuli. Ukimwona kwenye nakala ya nakala iliyorekodiwa kutoka televisheni, hujamwona Struss.

#15 Kamau wa Ngara
Wazee, mimi nimeiona na sijaridhika. Nairobi gani hiyo? Waigizaji hawakukanyaga Kenya. Sehemu zao zilipigwa Baja California, Mexico. Picha za wanyama na mbuga ndizo zilizotoka huku, akina Osmond Borradaile walikuja na kamera, kisha zikaunganishwa. Kuna mahali Peck anatazama nyati na unaona kabisa nyati wako kwenye pazia nyuma yake. Ukitaka filamu ya enzi hizo iliyopigwa hapa kwa dhati, tazama Mogambo ya 1953, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly wote walikuja Kenya na Tanganyika.

#16 Mkale wa Ilala
Kamau, nakubali kuhusu pazia. Lakini angalia mbinu inavyofanya kazi. Wakati wa simba, Korda anakaa karibu na uso wa Preston, jasho, pumzi, kidole kwenye kifyatulio. Simba wa kweli yuko kwenye picha nyingine, alipigwa bara jingine. Uso ndio unaounganisha. Mogambo ina mandhari, lakini hakuna dakika ndani yake inayonibana kifua kama ile ya nyasi ndefu. Na muziki ni wa Miklós Rózsa, aliyetoka kuchukua Oscar kwa Spellbound. Hausikiki unapojificha, unasikika pale tu woga unapoanza kupanda.

#17 Kamau wa Ngara
Kifua chako kinabanwa haraka, Mkale. Mimi namtaka Mkamba anayebeba bunduki aseme kitu. Mwafrika kwenye filamu hii ni wa kushika bunduki na kushuhudia aibu ya mzungu, basi. Zoltan Korda ndiye aliyetengeneza Sanders of the River mwaka 1935 huko Uingereza, ile iliyosifu dola hadi nyota wake Paul Robeson akaikana. Na mle ndani kuna Jomo Kenyatta mwenyewe, akiwa mwanafunzi London, anaigiza kama mmoja wa machifu.

#18 Mtoto wa Reli
Subiri kwanza. Kenyatta? Rais?

#19 Kamau wa Ngara
Huyohuyo. Alikuwa mmoja wa waigizaji wa ziada. Ipo kwenye kumbukumbu zote.

#20 Mama Sharifa, Unguja
Kamau umesema kweli, lakini mtu hubadilika. Korda huyohuyo ndiye aliyeongoza Cry, the Beloved Country ya 1951, Sidney Poitier na Canada Lee wakiigiza mapadri Afrika Kusini ya ubaguzi. Na inajulikana kwamba yeye na nduguye Alexander waligombana juu ya Sanders, Zoltan akitaka maisha ya Waafrika, kaka akitaka bendera. Mie naiona The Macomber Affair iko katikati ya safari hiyo. Wazungu mle si watukufu. Ni watu wanaodanganyana na kuogopana, na wabeba bunduki wanajua kila kitu. Ule ukimya unaoulalamikia, mie nauona ni wa watu waliokwisha kuelewa.

Na labda ndiyo sababu haikuenea kwetu. Wakaguzi wa filamu wa kikoloni hawakupenda Mwafrika aone mwanamke wa kizungu anatoka hema la mumewe kwenda hema la mwindaji. Kenya na Tanganyika zilikuwa na filamu zinazoruhusiwa kwa Wazungu na Wahindi lakini si kwa Waafrika. Ni dhana yangu, lakini nawajua wakaguzi wa zama zile.

#21 Wakili wa Mtaani
Bi Sharifa, hiyo ingeeleza kukosekana kwake huku. Haielezi kukosekana kwake Marekani.

#22 Zungu la Unga
Swali dogo jamani. Yule mama aliua kwa makusudi au la?

#23 Mtoto wa Reli
Makusudi! Mume kapata ujasiri, kesho atamwacha. Kampiga kisogoni.

#24 Binti Chumbageni
Rudi kwenye hadithi, Mtoto wa Reli. Hemingway ameandika kwamba mke, akiwa garini, alimfyatulia nyati aliyeelekea kumchoma mumewe pembe, akampata mume. Msimulizi anasema alilenga nyati. Anayemshutumu ni Wilson, na Wilson ana sababu zake: kawafukuza nyati kwa gari, jambo lililokatazwa, na Margaret amekwisha kumwambia kwamba analijua hilo. Akishtakiwa yeye, leseni inakwenda. Kumbe kila mmoja ana kitu juu ya mwenzake.

#25 Mtoto wa Reli
Msimulizi anasema alipiga kuelekea nyati. Hajasema moyoni alitaka nini.

#26 Mkale wa Ilala
Hapo ndipo filamu inapochukua njia yake. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizokazwa tangu 1934 chini ya Joseph Breen, hazikuruhusu mwuaji aondoke hivihivi wala uzinzi upite bila kulipiwa. Casey Robinson kwenye mswada akaongeza uchunguzi wa kifo, akamfanya Wilson ampende Margaret, na mwisho anamfikisha mwanamke mlangoni pa chumba cha uchunguzi. Hatuambiwi hukumu. Wakosoaji wengi wanauita mwisho huo dhaifu. Mimi naona Bennett anauokoa. Anakubali kwamba alimchukia mumewe, na palepale hajui mkono wake ulifanya nini. Hiyo ni karibu na Hemingway kuliko tunavyotaka kukiri.

#27 Kamau wa Ngara
Mapenzi ya Peck na Bennett ndiyo yanayoniharibia. Wilson wa hadithini ni mtu baridi, anabeba kitanda cha watu wawili safarini kwa ajili ya wateja wa kike. Peck ni mzuri mno kwa kazi hiyo.

#28 Mama Sharifa, Unguja
Kitanda kile wasomi wanakihusisha na mwindaji Bror Blixen, aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Wengine wanasema Wilson ni Philip Percival, aliyemwongoza Hemingway 1933 na 1934, mwenye shamba lake Machakos. Percival alikuwa mtu wa heshima zake, sura ni yake labda, tabia si yake.

#29 Mtaita wa Voi
Naingia nimechelewa. Huku kwetu kisa hiki kina mwenyewe. J. H. Patterson, yule wa daraja la Tsavo na simba wala watu wa 1898, baadaye akawa mkuu wa wanyamapori. Mwaka 1908 alikwenda safari kaskazini na Mwingereza Audley Blyth na mkewe. Blyth akafa kwa risasi hemani. Patterson na mjane wakaendelea na safari badala ya kurudi. Nairobi ililipuka kwa maneno. Inaaminika Percival ndiye aliyempa Hemingway hadithi hiyo wakiwa wanakaa na moto usiku.

#30 Kamau wa Ngara
Blyth inasemekana alijipiga mwenyewe akiwa mgonjwa. Si kisa kimoja.

#31 Mtaita wa Voi
Inasemekana na nani? Na Patterson. Wazungu watatu walikwenda, wawili walirudi kusimulia.

#32 Zungu la Unga
Huyu Mtaita aachiwe uzi wake. Nitakuja na mkeka.

#33 Fundi Projekta
Kabla hamjahama: mnamwona yule afisa wa polisi wa Nairobi mle? Ni Reginald Denny, Mwingereza aliyekuwa nyota enzi za filamu zisizo na sauti. Huyu alipenda ndege za kuchezea hadi akaanzisha kampuni ya Radioplane, ikatengeneza maelfu ya ndege zisizo na rubani kwa jeshi la Marekani, za kufanyia shabaha. Binti mmoja wa kiwandani humo alipigwa picha na mpigapicha wa jeshi mwishoni mwa vita. Jina lake Norma Jeane. Nyie mnamjua kama Marilyn Monroe.

#34 Mtoto wa Reli
Mzee Fundi unatuua. Na hawa wengine je?

#35 Binti Chumbageni
Joan Bennett, aliyemwigiza mke mwenye bunduki: Desemba 1951 mumewe, mtayarishaji Walter Wanger, alimpiga risasi wakala wa Bennett, Jennings Lang, kwenye maegesho ya magari Beverly Hills kwa wivu. Lang alipona. Wanger alifungwa miezi michache tu, lakini aliyeharibikiwa kazi ni Bennett, sinema zikamkauka. Huyu mama alitoka kufanya The Woman in the Window na Scarlet Street kwa Fritz Lang, alikuwa kileleni. Nikimwangalia hapa akiwa mwanamke ambaye kila mtu kashamhukumu kabla ya uchunguzi, naumia.

#36 Mkale wa Ilala
Nashukuru umelitaja, Binti. Hiyo nayo inaweza kuwa sababu ya filamu kusahaulika. Preston alikuja kuwa mkubwa baadaye sana na The Music Man. Peck mwaka huohuo wa 1947 alikuwa na Gentleman's Agreement iliyobeba Oscar ya filamu bora, hii ikafunikwa. Walijaribu kuirudisha kwa jina jingine, The Great White Hunter, na kubadili jina kunazidi kumpoteza anayetafuta.

#37 Fundi Projekta
Mimi bado nasema mkanda.

#38 Wakili wa Mtaani
Mimi bado nasema mkataba. Tena angalieni: It's a Wonderful Life ya 1946 haikuhuishwa 1974, televisheni zikaionyesha bure kila Krismasi, ndipo ikapendwa. Mwaka 1993 wenyewe wakairudisha mkononi kupitia haki ya hadithi na muziki. The Snows nayo inajulikana kwamba hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa, ndiyo maana iko kila mahali. Filamu isiyo na mwenyewe inaenea, na yenye mwenyewe anayejulikana inatunzwa. Inayoumia ni ile ya katikati.

#39 Mtoto wa Reli
Kwa hiyo tusubiri hadi lini?

#40 Wakili wa Mtaani
Marekani ni miaka 95 tangu kuchapishwa. Hadithi ya 1936 itakuwa huru Januari 1, 2032. Filamu ya 1947, kama ilihuishwa, Januari 1, 2043. Lakini sheria ya Kenya na ya Tanzania ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Hemingway alifariki Julai 1961. Kwa hesabu hiyo, hapa kwetu hadithi imekuwa huru tangu 2012.

#41 Mama Sharifa, Unguja
Kumbe! Basi nani kashawahi kuitia Kiswahili?

#42 Binti Chumbageni
Sijaiona. Bi Sharifa, ukikubali kuhariri, mimi nachukua sehemu ya simba.

#43 Mtaita wa Voi
Nyati ni wangu. Nimekulia nao.

#44 Kamau wa Ngara
Na mazungumzo ya wabeba bunduki niachieni mimi, tafadhali. Safari hii wataongea.

#45 Mkale wa Ilala
Kamau, waongeze maneno, lakini ukimya wao usiuharibu. Wakili, ukipata nafasi tuangalizie taratibu za COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania, kabla hatujaweka chochote hadharani. Mzee Fundi, kama kuna mtu wako wa enzi za sinema aliyebaki na mikebe, muulize jina la pili, The Great White Hunter. Huenda ndilo lililoandikwa juu ya mkebe.

#46 Fundi Projekta
Nitamuuliza jirani yangu, alikuwa muonyeshaji pale mjini. Hasikii vizuri, itabidi nimwandikie.